Kigimbi cha Muuza Nyama

Nyama ya ng'ombe aliyechinjwa alfajiri huwa bado inacheza ikifika buchani. Wewe mteja hujui, au unajua na unajifanya hujui. Natundika paja kwenye ndoano, nageuka kuchukua kisu, nikirudi nakuta kipande cha ndani kinarukaruka peke yake, mwenyewe hayupo tena duniani. Wapo wanaoipenda hivyo. Kuna mama mmoja, mke wa mchomeleaji wa mtaa wa pili, hanunui mpaka aione inaruka. "Nipe ile inayocheza," ananiambia, na kidole chake kimeshafika, kinabonyeza. Kidole hicho kimetoka wapi, kimeshika nini, sijui na sitaki kujua. Nimeuza nyama karibu maisha yangu yote ya utu uzima na sijamzoea mtu anayebonyeza nyama iliyotundikwa.

Mimi ni mwepesi wa kuchukizwa, bora niseme mapema. Watu hudhani muuza nyama hana kinyaa. Wanakosea. Nzi, damu iliyoganda kwenye kucha, utumbo ambao mtu ameuosha kwa haraka ili awahi soga, mafuta yanayonata kwenye mpini wa kisu, vyote vinanichefua mpaka leo. Ndiyo maana bucha langu linang'aa. Gogo nalisugua kwa chumvi na maji ya moto kila jioni mpaka mkono unauma. Mtaani wananiita Bwana Sabuni. Wanadhani wananitania, lakini jina lenyewe halinikeri hata kidogo.

Basi mchana mmoja wateja wameadimika, nimekaa kwenye kiti nyuma ya mizani, nimekunja suruali kwa sababu ya joto. Nikatupa macho chini, nikaona kigimbi changu cha kushoto kinacheza.

Si kutetemeka. Kutetemeka nakujua, ni kwa homa au kwa njaa. Hiki kilikuwa kinaruka chini ya ngozi, hapa, halafu pale, halafu sehemu mbili kwa pamoja, kama kuna mdudu amefungiwa ndani anatafuta mlango. Mguu wenyewe hausogei. Maumivu hakuna. Nilikikazia macho, nacho kikaendelea na shughuli zake, hakina habari na mimi. Nyama inayocheza naijua kuliko ninavyowajua ndugu zangu, na katika maisha yangu yote sikuwahi kuiona ikicheza isipokuwa imeshakufa.

Hapo ndipo akili yangu ilipokwama. Mtu mwingine angesema nimesimama sana, au nimekunywa maji machache, akaendelea na mambo yake. Mimi muuza nyama nilisema moyoni: mguu huu umeshachinjwa, ila haujaambiwa.

Nilimficha mke wangu. Kumficha mtu unayelala naye ni kazi ya kijinga, na niliifanya kijinga. Nilianza kuvaa soksi kitandani. Nilijifunika shuka mbili wakati yeye anajipepea kwa gazeti. Mwisho kigimbi kikamgusa. Akakurupuka, akawasha taa. "Kuna panya humu," alisema. Akafunua shuka, na mguu wangu ukawa pale peupe, unacheza bila haya.

Mke wangu ni mpishi wa shule. Amezoea kupigiwa kelele na watoto mia, haogopi kitu kwa urahisi. Alikitazama kigimbi kwa muda.

"Kinauma?" aliniuliza.

"Hakiumi."

"Basi kinataka nini?"

Nikakifunika kwa shuka. Akazima taa, akalala, na alipojinyoosha mguu wake ukagusa wangu, akauvuta pembeni. Hakuwa na nia mbaya, mtu yeyote angeuvuta. Hata mimi ningeuvuta wangu kama ningekuwa na pa kuupeleka. Lakini niliona. Kesho yake nikachukua mto, nikahamia kwenye kochi la sebuleni. Nikasema ni joto. Hakunikatalia, nami hilo pia nililiona.

Kigimbi kilikuwa mwanzo tu. Kucheza kukapanda pajani, kukaruka mpaka begani, kukashuka mgongoni mahali ambapo siwezi kupafikia kwa mkono. Kope la jicho la kulia likaanza, nikawa nakonyeza wateja bila kukusudia, na wapo waliojibu. Halafu kukafika kidole gumba cha mkono wa kisu. Nilikuwa napasua mbavu, nikakiona kinaruka juu ya mpini. Nikaweka kisu chini, nikakitazama kama mtu aliyekutwa na mgeni asiyemtaka, na jasho likanitoka ubavuni, baridi, lenye harufu. Nilijichukia. Nilikuwa nanuka woga mbele ya nyama ya wateja.

Mke wangu akamwambia dada yangu mkubwa. Kumwambia dada jambo ni sawa na kulibandika ukutani. Dada anauza vitambaa, na tangu baba afariki amejiteua kuwa rais wa ukoo. Alikuja buchani akiwa amebeba mkoba wake mkubwa, akaketi kwenye kiti changu bila kukaribishwa, akaniambia nipandishe suruali.

"Cha kushoto," alisema. "Safari ya hasara hiyo. Usisafiri."

"Sijawahi kusafiri, dada."

"Na jicho?"

"La kulia."

"La juu au la chini?"

"Kope la juu."

"Hapo kuna mtu anakusema."

Nikamwambia kama ni hivyo, basi mtaa mzima hauna kazi nyingine ila kunisema kutwa kucha, maana sasa ninacheza mwili mzima. Akaniambia ndiyo shida yangu, sisikii la mkuu. Dada yangu nampenda, lakini ana maneno kama chiriku, na siku ile kila neno lilinigusa kama mkono wenye mafuta. Alipoinuka akatoa amri yake, ile ambayo kwetu hutolewa kila linapotokea jambo.

"Na mama asijue."

Hii ni sheria ya nyumba yetu. Mama ana presha. Tangu tumzike baba, lolote baya likitokea kwanza tunafunga mlango asisikie. Mjukuu akifeli, mama haambiwi. Mtu akifukuzwa kazi, mama haambiwi. Tunamfikia tukiwa tumevaa tabasamu, tunazungumzia hali ya hewa, tunaondoka. Nami sikuona ubaya wake. Niliona ndiyo heshima.

Nikaanza kuzunguka. Muuza dawa wa kona alinisikiliza nusu sentensi, akanipa vitamini, na za minyoo juu yake, kwamba zitanisaidia tu. Nikazimeza. Minyoo kama ilikuwepo ilitoka, sitaki kueleza. Kigimbi kikacheza vilevile. Nikaenda zahanati. Wakanitoa damu, wakanitoa mkojo, wakaniwekea mkanda wa presha. Daktari kijana, uso umechoka, akasoma majibu yote akiwa anatafuna kalamu. Kalamu hiyohiyo akanipa nisaini. Niliishika kwa ncha za vidole.

"Huna kitu," alisema. "Una mawazo mengi."

Nilikuwa na wazo moja. Moja tu, nalo lilikuwa kwamba nakufa.

Ndipo nikaiuliza simu. Simu haina adabu, ukiiuliza inakujibu yote, haijali umekula au hujala. Ikaniambia misuli kucheza mara nyingi si kitu. Hilo nikalipita haraka. Ikaniambia pia kuna ugonjwa unaoanza kwa misuli kucheza, halafu mikono inapoteza nguvu, halafu miguu, halafu koo, mtu anakauka akijiona, akili yake ikiwa timamu mpaka mwisho, na dawa ya kumponya hakuna. Hilo nikalisoma tena na tena nikiwa chooni, mlango umefungwa, mpaka miguu ikafa ganzi. Nikasema ndio huu.

Tangu hapo nikawa najipima. Kila asubuhi nilinyanyua paja zima la ng'ombe kutoka kwenye toroli kwa mkono mmoja, nione kama nguvu bado ipo. Lilipokuwa jepesi nilishukuru, lilipokuwa zito niliwazia jeneza. Na mkono, kwa kunyanyua namna ile, ukaanza kuuma, na ulipouma nikasema nguvu zinaondoka.

Kipimo changu kikubwa kilikuwa kingine, kile tunachotumia sisi kwenye nyama. Nyama nzima ukiibonyeza kwa kidole gumba inarudi. Nyama iliyochoka ukiibonyeza shimo linabaki. Hakuna mteja wala mkaguzi anayeweza kunibishia kwenye hilo. Basi nikakaa nyuma ya mizani, nikakunja suruali, nikabonyeza kigimbi. Shimo likabaki. Nikabonyeza kingine. Likabaki. Nikawa nafanya hivyo kila bucha likiwa tupu, nguvu zaidi kila mara, mpaka ngozi ikawa na madoa meusi na ya kijani, rangi ileile ya nyama ambayo ningeitupa nje bila kufikiri. Niliyaona madoa hayo nikajua nimeanza kuoza. Nilinusa mguu wangu. Mtu mzima, baba wa watoto, nimeinama nyuma ya mizani nanusa mguu wangu mwenyewe.

Nyama ikaniisha hamu. Kwanza nikaacha kuila, nikasema nalipumzisha tumbo. Halafu nikawa siwezi kuitazama. Harufu yake niliyokuwa siisikii kabisa, kama mtu asivyosikia harufu ya nyumba yake, ikarudi yote, tamu na nzito, ikalala kwenye ulimi. Asubuhi moja mke wa mchomeleaji akaja, akaweka kidole chake kwenye paja la siku ile.

"Hii bado inacheza," alisema kwa furaha. "Hii ndiyo nyama."

Nikageuka nikatapika kwenye ndoo ya utumbo. Mbele ya wateja. Bwana Sabuni, katapika ndani ya bucha lake. Walitawanyika kimyakimya, na mimi nikabaki nimeshika ukingo wa ndoo, najitazama nilivyo, na kusema kweli kati ya vyote vilivyokuwa kwenye ndoo ile hakuna kilichonichukiza kuliko mimi.

Habari ilifika shuleni kabla mke wangu hajaepua chakula cha mchana. Alikuja na aproni yake, akaosha sakafu, akamwaga ndoo, akafunga mlango wa bucha kwa mkono wake.

"Unakwenda hospitali kubwa," alisema. "Kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Nimeshauliza."

"Akisema ndio?"

"Tutajua. Sasa hivi unaozea kwenye kochi na hatujui."

Foleni ya bingwa si mchezo. Tulisubiri siku yetu mpaka ikafika, na siku ilipofika tulisubiri tena kwenye benchi. Benchi lilikuwa na ute wa mikono ya watu, sakafu inanata kwenye viatu, na mzee wa pembeni yangu alikuwa anakohoa ndani ya kofia yake kisha anaivaa. Mke wangu akanishika kiwiko kila nilipotaka kusimama. Sikuwa mgonjwa mwema. Wagonjwa wema walikuwepo, wamekaa wametulia, na wao pia waliniudhi.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mfupi, sauti ya chini, kucha zimekatwa vizuri. Mikono aliosha kabla ya kunigusa. Hapo hapo nikaanza kumwamini. Akaniambia nitembee kwa visigino, nitembee kwa ncha za vidole, nikunje ngumi na asiweze kuifungua. Akanigonga magoti kwa kinyundo. Akaniambia nifungue kinywa, akautazama ulimi wangu muda mrefu kwa tochi, nami nikawaza alichokula kabla na nilichokula mimi. Halafu akanilaza, akaona mguu.

"Nani amekupiga hapa?"

"Hakuna aliyenipiga. Najipima."

"Unajipima vipi?"

Nikamwonyesha. Nikachukua kidole gumba, nikabonyeza kigimbi kama paja la kwenye ndoano, nikamwonyesha shimo. Nikamweleza habari ya nyama inayorudi na nyama isiyorudi, na ya ule ugonjwa niliousoma kwenye simu. Mke wangu, aliyekuwa ameketi pembeni na mkoba wangu mapajani, akainamisha uso. Sikujua kama analia au anacheka.

Daktari hakucheka. "Kazi yako ni ya kusimama?"

"Tangu nifungue mpaka nifunge."

"Basi hayo ni maji. Ukisimama kutwa yanashuka miguuni, ukibonyeza shimo linabaki. Na hizi ni damu zilizovilia kwa sababu ya kidole chako. Mguu hauozi. Unauonea."

"Daktari," nikamwambia, "nyama inayocheza nimeiona maisha yangu yote. Yote ilikuwa imekufa."

"Ng'ombe mzima umewahi kumwona?"

"Nimewaona."

"Nzi akitua mgongoni mwake?"

Nzi akitua, ng'ombe anachezesha ngozi pale pale alipotua, hata mtoto anajua. "Sisemi ni kitu kimoja," daktari alisema. "Nasema tu kwamba kucheza si kufa." Nilijiona mjinga, na ujinga nao unachefua, hasa ukiwa umelala kwenye kitanda cha hospitali na suruali yako iko kwenye kiti.

Akaleta mashine. Kipimo chenyewe ni sindano nyembamba inayoingizwa ndani ya msuli, na waya wake unakwenda kwenye mashine yenye kioo na spika. Alinieleza kwamba msuli mzima ukipumzika huwa kimya, na sindano inausikiliza. Akaichoma kwenye kigimbi. Spika ikalia kama chumvi iliyoingia kwenye mafuta ya moto, kisha ikanyamaza. Nikashusha pumzi. Halafu ikagonga. Tu. Kimya. Tu, tu. Ile ilikuwa nyama yangu inaongea kwa sauti chumbani mbele ya mke wangu na mwanamke nisiyemjua. Sikuwahi kujisikia uchi namna ile. Alichoma paja, akachoma mkono, akachoma bega na mgongo, kila mahali anasikiliza ameinamisha kichwa, nami natazama dari na kumeza mate.

Nilipovaa, akakaa karibu nasi.

"Nguvu zako zipo. Sindano haijaonyesha dalili za ule ugonjwa unaouogopa."

"Kwa hiyo sina?"

"Leo siuoni. Mwanzoni unaweza kujificha, kwa hiyo utarudi nikupime tena. Siwezi kukudanganya."

Nilikwenda pale kuchukua ndio au hapana, nikapewa leo siuoni. Nilitaka kupiga meza yake. Yeye akaendelea taratibu. "Kuna jambo litakalonisaidia sana. Zipo familia ambazo misuli yao hucheza tu, na watu wanazeeka nayo, wanakufa na mambo mengine. Kwenu yupo? Baba, babu, mjomba?"

"Simjui."

"Waulize wakubwa."

Wakubwa wa kwetu wamebaki mmoja. Tulipotoka nje mke wangu akasema, "Twende kwa mama," na kabla sijajibu simu ya dada ikaita, akitaka majibu. Nilipomwambia tunakwenda wapi akaja juu. Alisema nimerukwa na akili. Alisema mama akianguka nitamzika mimi, peke yangu, na yeye msibani hataniangalia. Nilisimama nimeshika simu mbali na sikio, na sauti yake bado inanifikia, na nilichoka naye, nikachoka na presha ya mama, nikachoka na tabasamu zetu zote. Mke wangu akanyoosha mkono, akachukua simu.

"Wifi, mficha maradhi kifo humfichua," alisema, akaizima.

Mama tulimkuta chumbani kwake, anachambua mchele kwenye ungo, dawa zake zimepangwa kwenye meza ndogo kando ya kitanda. Nikamsalimia, nikauliza habari za hali ya hewa. Nikauliza tena. Mke wangu akanikanyaga kiatu.

"Mama," nikasema, "eti kwetu kuna watu wenye misuli?"

"Misuli gani? Ya kubeba mizigo?"

"Hapana. Ya... Yaani misuli tu."

Mama akaniangalia. Kigimbi, kama kilikuwa kinasubiri kuitwa, kikaanza, na suruali niliyovaa kwenda hospitali ilikuwa nyembamba. Kitambaa kikawa kinaruka. Macho ya mama yakashuka, yakabaki pale.

"Kunja suruali."

"Mama, ni uchovu tu."

"Kunja, baba."

Nikakunja. Mke wangu akasogea nyuma ya kiti cha mama, mikono tayari, kama mtu anayesubiri mtungi uanguke. Mama hakuanguka. Aliweka ungo chini, akakitazama kigimbi na madoa yake.

"Tangu lini?"

"Muda kidogo."

"Na hamkuniambia."

"Presha, mama. Dada alisema..."

"Ng'ombe haelemewi na nunduye," alisema mama. "Nani aliwaambia mimi ninaelemewa na nyinyi? Jirani yangu wa kule tulikokaa zamani mlinificha kwamba amekufa. Nikawa namtumia salamu, na nyinyi mnaniletea majibu yake. Marehemu ananijibu anaendelea vizuri."

Sikuwa na pa kuweka uso. Majibu mawili kati ya hayo niliyaleta mimi.

"Baba yako alikuwa hivi," mama alisema.

Baba alikuwa askari wa magereza. Mtu mkali, mnyoofu, kiatu chake unaweza kujitazama ndani. Nikikumbuka sasa, sijawahi kumwona bila soksi zake ndefu, hata Jumapili, hata akiwa mgonjwa. Nilidhani ni uaskari.

"Tangu anioe mpaka anakufa," mama alisema. "Miguu yote miwili, na hapa begani. Usiku wa kwanza nilidhani ni mdudu, nikaruka mpaka mlangoni. Aliona haya, maskini. Akaniambia, ukiona kinyaa nitalala chini. Nikamwambia lala hapa hapa. Akaniapisha nisimwambie mtu, hata nyinyi, watoto wasije wakamcheka. Na mimi nikamtunzia."

"Na hakikumuua?"

"Moyo ndio uliomuua, mzee yule, meno yake yote kinywani. Miguu ilikuwa inacheza mpaka asubuhi ile."

Nilitaka kulia na nilitaka kugombana, na sikujua nigombane na nani. Na baba na soksi zake? Na dada? Na mama aliyetunza kiapo, au na sisi tuliomfungia mlango asije akasema? Miezi yote ile nimenusa mguu wangu nyuma ya mizani, na jibu lilikuwa limekaa hapa linachambua mchele. Nilichukizwa na sisi sote, ukoo mzima wa watu wanaofichana kwa heshima.

Mama akainama, akaweka kiganja chake juu ya kigimbi.

Hakukipapasa kama mtu anavyompapasa mgonjwa. Alikishika chote, kiganja kizima, chenye vumbi la mchele, juu ya madoa yangu, akatulia. Kikaruka mkononi mwake. Nilishtuka, nikataka kuuvuta mguu, akaubana.

"Ndicho hiki hiki," alisema. Akafumba macho. "Mnaniletea vidonge vya usingizi. Dada yako kila akija ananiletea vingine. Havinisaidii. Mimi silali kwa sababu kitanda kimetulia."

Mke wangu nyuma ya kiti alishusha mikono yake.

"Unalala naye?" mama alimwuliza, bila kufumbua macho.

"Analala sebuleni, mama. Anasema ni joto."

"Na wewe umekubali kwamba ni joto?"

Mke wangu alizunguka kiti. Alikuja akaketi sakafuni karibu na ungo, akauvuta kwake, akaendelea kuchambua mchele pale mama alipoachia. Goti lake lilikuwa linagusa mguu wangu mwingine, nao ulikuwa unacheza pia, na goti hakuliondoa.

Kigimbi kiliruka, kikanyamaza, kikaruka tena chini ya kiganja cha mama. Kilinitia kinyaa vilevile, nikisema kinyume nitakuwa mwongo, na nilitamani sana kuuondoa mguu, nikanawe, nishushe suruali yangu. Sikuuondoa. Niliuacha hivyo hivyo mpaka ganzi ikaniingia hadi kiunoni, kwa sababu mama alikuwa amelala.